Tahlequah na daftari la Dawes

Kutoka Tulsa hadi Tahlequah, mashariki mwa Oklahoma, ni mwendo wa zaidi kidogo ya saa moja kwa gari. Ukiingia mjini, vibao vya mitaa vina Kiingereza na pia Kicherokee, lugha ya kabila la wenyeji asilia wa Marekani, katika maandishi aliyoyabuni Mcherokee Sequoyah na kuyakamilisha mwaka 1821. Hapa ndipo makao makuu ya Taifa la Cherokee, lenye bunge, mahakama, polisi na hospitali zake.

Kwenye makumbusho nilimuuliza mama aliyetupokea kuhusu Wamarekani wengi wanaodai kuwa bibi zao walikuwa Wacherokee. Alijibu kwa upole: anayeomba uraia huulizwa ni babu au bibi gani wa ukoo wake aliyeandikwa katika daftari la Dawes, lenye majina ya watu wa taifa hilo, ambalo makarani wa serikali ya Marekani walianza kulijaza mwaka 1898. Hadithi ya nyumbani haitoshi.

Serikali kuu ya Marekani, Washington, inayatambua mataifa matatu tu ya Wacherokee: mawili yako hapahapa Tahlequah, la tatu North Carolina. Nje ya hayo kuna vikundi vingi vinavyojiita makabila ya Cherokee, na vingine vimetambuliwa na majimbo kama Alabama na Georgia. Taifa la Cherokee linavipinga, nami naona lina haki. Watu waliofukuzwa kwao, kusini-mashariki mwa Marekani, mwaka 1838, maelfu wakafia njiani, hawawezi kumwachia kila apendaye jina lao.

Lakini daftari hilohilo lina doa, na mimi Mwafrika sikuweza kulipita. Wacherokee matajiri walikuja huku na watumwa weusi. Mkataba wa 1866 uliwapa walioachwa huru na vizazi vyao haki zote za Wacherokee wenyewe. Makarani wa Dawes wakawaandika katika orodha ya kando, bila kuandika damu ya Kicherokee hata kwa aliyezaliwa na baba Mcherokee. Mwaka 2007 wapiga kura wa Taifa la Cherokee wakawavua uraia. Mahakama ya Marekani, huko Washington, ikaurudisha mwaka 2017, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Wacherokee wenyewe ikayafuta katika katiba maneno “kwa damu”, yaliyowafungia nje.

Nilisimama muda mrefu mbele ya picha za familia hizo: wanawake weusi, nguo za Jumapili, macho makavu. Wajukuu wao sasa wanaomba uraia kwa njia ileile ya wengine, kwa kuonyesha jina la babu katika orodha iliyowatenga.