Kodi za ogmentedi kwenye ukulele ziko nne tu, chati tupeni

Chati niliyotumiwa ya kodi za ogmentedi (kodi si ya serikali, ni sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) ilikuwa na michoro 12 ya kuonyesha vidole vikae wapi kwenye ukulele, kile kigitaa cha nyuzi nne, mmoja kwa kila jina: C, C# (C iliyopanda nusu hatua), D, mpaka B. Aliyenitumia akaniambia, "Kariri tatu kila wiki, dada, mwezi hauishi utakuwa umezimaliza." Nikakariri kweli, maana mimi nikiambiwa kariri nakariri. Nikawa nazipiga macho yamefumba, lakini ungeniuliza hata moja inaingia wapi kwenye wimbo ningekuangalia tu.

Baadaye nikaja kugundua kitu kilichonichefua hasa. Ile chati ilikuwa inanikaririsha kodi ileile mara tatu kwa majina tofauti.

Mimi ni mtu wa kwaya, solfa ndiyo niliyokulia, na laiti mtu angenieleza kwa solfa ningeelewa siku hiyohiyo. Meja ni do, mi, so. Ogmentedi ni do, mi, se. Basi. So imepanda nusu hatua, haijafika la. Sasa hesabu kwenye freti, vile vyuma vinavyokata shingo ya ukulele, kila kimoja nusu hatua: do kwenda mi ni freti nne, mi kwenda se nne, se kwenda do ya juu nne tena. Nafasi zote zinalingana, kwa hiyo yeyote kati ya hao watatu anaweza kujiita do na hakuna wa kumbishia. C ogmentedi ni C, E, G#. E ogmentedi ni hizohizo. G# nayo hizohizo. Sauti 12 ukizigawa tatutatu unabaki na kodi nne, na aliyechora ile chati sijui alikuwa analipwa kwa mchoro.

Umbo ninalotumia ni 2110, nikisoma nyuzi kuanzia G, C, E, namalizia A; kila namba ni freti ya kushika kwenye uzi wake, na 0 ni uzi ulioachwa wazi. Hiyo ni F, na ni A, na ni C#. Ulisukume lote freti moja, 3221, unapata D, F# na A#. Moja tena, 4332, ni G, B na D#. Ya mwisho 5443, ni C, E na G#. Ukisukuma tena unarudi kwenye F uliyoanzia, ila imekaa juu zaidi.

Kabla sijafika hapo nilipitia mikono ya mpiga gitaa wetu. Kaka huyo gitaa analijua, sibishi. Tulikuwa tunaandaa wimbo wa harusi, uko kwenye G, na mahali fulani kinanda kinatoka D kinapita D ogmentedi kinaingia G. Nikamuuliza nishike nini. Hakufikiria hata kidogo: "Dada, ukulele ni gitaa dogo tu. Shika 0332, hiyo ndiyo D ogmentedi." Nikaishika. Rahisi, vidole vitatu, G inaachwa wazi. Nikaifanyia mazoezi nyumbani peke yangu, na peke yangu ilikuwa tamu kabisa.

Jioni ya mazoezi tukafika mahali pale. Mpiga kinanda kashusha D, F#, A#. Mimi nimeshusha G, B, D#, tena kwa nguvu, kwa sababu nilikuwa najisikia. Angalia hizo sauti vizuri: D# yangu juu ya D yake, G juu ya F#, B juu ya A#. Sauti zangu zote tatu, kila moja imekalia nusu hatua juu ya ya mwenzake. Ungetaka kutafuta kodi ya kuharibu ibada usingepata iliyo bora kuliko hiyo. Soprano zikakatika zenyewe. Mwalimu wa kwaya akauliza kwa upole, "Nani anatyuni wakati tunaimba?" Mpiga gitaa akawa anaangalia dari.

Ukweli ni kwamba aliniambia jambo sahihi kwa chombo chake. Nyuzi nne nyembamba za gitaa ni D, G, B, E. Za ukulele zimekaa freti tano juu ya hapo, ndiyo maana umbo analoliita D, kwangu linalia G. Kila umbo la gitaa unalohamishia kwenye ukulele linabadilika jina hivyohivyo. Nilichotakiwa kushika ni 3221.

Na 3221 ina shida yake: inadai vidole vyote vinne, na cha mwisho kinalazimika kuvuka mpaka uzi wa G. Mkono wangu ni mdogo, ukulele yangu ni ile ndogo inayoitwa soprano, freti zimebanana, nikawa napata mlio wa kijiko kwenye sufuria. Hapo ndipo nilipopata ujanja ninaojivunia mpaka leo, na hakuna aliyenifundisha. Kwenye ukulele ya kawaida uzi wa G uko juu, haushuki chini kama wa gitaa. Kwa hiyo G kwenye freti ya 3 na A kwenye freti ya 1 ni sauti moja, kimo kimoja, hakuna tofauti hata chembe. Unahangaika kushika vyote viwili vya nini? Acha G. Kidole cha kati nakilaza juu ya C na E, cha shahada kinashika A freti moja nyuma, gumba la mkono wa kulia linaanza kupiga kutoka C. Vidole viwili, na umbo linateleza juu na chini utakavyo. Mwenye uzi wa G ya chini atakosa besi kidogo, lakini kodi haipotei.

Sasa zinaingia wapi? Njiani. Ogmentedi ni mtu aliyepiga hodi, usimwache mlangoni muda mrefu. Piga C 0003, kisha 1003 (C ogmentedi kwa umbo jingine), kisha F 2010, usikilize uzi wa G ukipanda 0, 1, 2: so, se, la. Alto wetu niliwapa mstari huohuo, wakaushika mara moja. Au F 2010, 2110, halafu D maina 2210. Hapo anayetembea ni uzi wa C. Kutoka G 0232 pitia 0332 uingie C. Mapigo mawili yanatosha, manne ukijikaza.

Nyuzi mpya za nailoni zipe siku kadhaa zivutike kwanza, kwa sababu ogmentedi haifichi uzi uliolegea.

Wenye ukulele ya baritoni, ile kubwa, namba zangu zote zibaki lakini majina yafuteni: yenu ni D, G, B, E, na kwenu yule kaka wa gitaa yuko sahihi kabisa.