Nilivyokamilisha tasnifu ya uzamili ya jiografia na maendeleo Mombasa

Tasnifu yangu ilihusu makazi na mikoko kandokando ya Hori ya Tudor, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Vibali vina mpangilio wake: pendekezo lipite idarani, kisha kamati ya maadili, halafu NACOSTI (tume ya kitaifa inayotoa vibali vya utafiti), ndipo uripoti kaunti, kwa chifu na kwa mzee wa mtaa. Usiulize swali hata moja kabla ya hapo, kwani kamati haiidhinishi data iliyokwisha kukusanywa.

Sampuli nilikokotoa kwa fomula ya Yamane, inayotoa idadi ya kuhojiwa kutokana na idadi ya wote na kosa linalokubalika. Kwa mfano, kaya 12,000 na kosa la 0.05 hutoa kaya 387. Ongeza asilimia 10 kufidia watakaokataa, upate 426. Kazi ngumu ni kuzipata hizo kaya. Nyumba ya Kiswahili ina mlango mmoja wa mbele, na pande zote za ukumbi kuna vyumba vya kupangisha ambamo kila chumba huenda ni kaya yake. Ukimhoji anayekufungulia mlango tu, utasikia wenye nyumba na kuwakosa wapangaji. Orodhesha vyumba kwanza, kisha upige kura kuchagua vya kuhojiwa.

Swali la umiliki lazima ligawanywe: nyumba ni ya nani, na kiwanja ni cha nani? Mombasa wengi wana nyumba bila ardhi. Wamejenga wenyewe, ila hulipa kodi ya kiwanja kwa mtu mwingine. Jibu la "yangu" huficha jambo hilo, nalo ndilo linaloeleza kwa nini mtu hathubutu kujenga choo cha kudumu. Kwangu mimi, hapo ndipo jiografia inapokutana na maendeleo.

Kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani, angalia datamu, yaani msingi wa vipimo ambao ramani hutumia kutaja mahali. Ramani za zamani za Survey of Kenya za 1:50,000 hutumia Arc 1960, simu hutumia WGS 84. Ukizipandanisha bila kubadilisha, nyumba huhama takriban mita 300, na kwa Tudor hiyo ni kuzitia majini. Picha za setilaiti nilichagua za Januari na Februari, wakati wa kaskazi, mawingu yakiwa machache, kisha nikalinganisha saa ya picha na jedwali la maji kujaa na kupwa. Picha moja ya maji kujaa na nyingine ya maji kupwa zitakuonyesha mikoko imepungua, kumbe ipo.

Baada ya utetezi, rudisha marekebisho na jedwali la safu tatu: maoni ya mtahini, ulichobadilisha, na ukurasa.