Nilivyoirudishia Pac-Man yangu rangi zake bila kubandika stika

Miezi minne nimekuwa nalala saa nane usiku, lakini leo mashine yangu ya zamani ya gemu, ile ya kusimama kama kabati, iko sebuleni ubavu unang'aa manjano, na bado nina hasira na wote walioniambia "we bandika stika ya picha tu yaishe". Jamani hii ni Pac-Man ya mwaka 1980, gemu la kampuni ya Namco ya Japani, na makabati ya huku Marekani yalitengenezwa na kampuni ya Midway kule Illinois, na ubavuni hawakubandika kitu, walipuliza rangi juu ya stensili (kiolezo kilichokatwa matundu ya umbo la picha), moja ikikauka inafuata nyingine. Ukipitisha kiganja unaisikia kabisa rangi moja ilivyopanda juu ya mwenzake. Stika inakupa wapi hiyo?

Niliikuta kwenye garaji la mzee mmoja hapa Ohio, imepakwa nyeusi juu mpaka chini. Ndo ilikuwa kawaida ya wenye mashine zamani, gemu likichokwa wanapaka nyeusi wanaweka jingine. Nililipa kama dola mia tatu na ushee hivi, skrini inawaka, sikuuliza zaidi.

Sasa jamaa wa duka la rangi akaniuzia dawa ya kubabua rangi, akasema paka, acha nusu saa, kwangua. Nikaanzia chini karibu na mlango wa nyuma. Nyeusi ilitoka kweli, na manjano ya chini yake ikatoka nayo, halafu chipubodi, ile mbao ya unga wa mbao uliogandishwa, ikanywa ile dawa ikavimba kama andazi. Nilikaa sakafuni naangalia lile doa, roho inaniuma, maana rangi iliyokaa miaka arobaini na zaidi nimeimaliza mimi kwa nusu saa.

Aliyeniokoa ni mke wangu. Akaniambia baba Salma, si ujaribu spiriti ya vidonda, ile ndo inatoa rangi ya maji kwenye nguo. Na kweli ile nyeusi ilikuwa rangi ya maji ya ukutani, ya chini ni ya mafuta. Nikalowesha kitambaa kwa spiriti ya asilimia 91, nikakibandika ubavuni, nikafunika na nailoni ya kufungia chakula isikauke, dakika kumi, halafu nakwangua polepole na kadi ya benki iliyokwisha muda (skrepa ya chuma usiguse!). Nyeusi ikawa inajikunja kama ganda la muhogo na chini yake likatokea jicho la ile picha ya ubavuni. Nilimwita mama Salma kwa kelele mpaka akadhani nimejikata.

Upande wa kulia ulikuwa mzima, wa kushoto umeliwa na maji huko chini miguuni. Nikaweka plastiki angavu juu ya ule mzima, nikafuatisha kila mstari kwa kalamu, nikaigeuza, ndo ramani ya kushoto hiyo. Stensili nikakata kwa kiwembe kwenye stika tupu, kila rangi na yake. Na rangi usichague kwa picha za simu, mi niling'oa ule mkanda wa plastiki wa ukingoni, pale jua halijawahi kufika, nikabandua kipande kama ukucha nikakipeleka dukani kikapimwe rangi na mashine.

Puti ya kuziba mashimo, msasa, praima ya kutangulia rangi, hayo mnayajua.

Kitu kimoja ndo nataka mkishike. Mara ya kwanza bluu ilivuja chini ya stensili, mistari ikawa na manyoya, nikapiga msasa nikaanza upya. Mara ya pili nikabandika stensili ya bluu juu ya manjano, lakini kabla ya bluu nikapuliza manjano ileile tena, nyepesi, kwenye kingo zote. Kama kuna pa kuvuja, inavuja manjano juu ya manjano, nani ataona, na mwanya umeshazibika. Ndipo ukapulize bluu, na uibandue stensili rangi ikiwa bado mbichi kidogo, ukingoja ikauke inang'oka nayo. Mstari ulitoka kama umekatwa na wembe, aisee nilirudi garajini kwangu mara tatu usiku ule kuuangalia.

Yote kwa yote rangi na takataka zake labda dola mia mbili, sijaweka hesabu.

Kulia sijapaka tena, nimeisafisha tu na kuziba mikwaruzo, kwa hiyo manjano ya pande mbili yamepishana kidogo. Salma anasema ule wa zamani ndo mzuri zaidi, na mimi nakubaliana naye.