Kasha la Bibi: nilivyojua ni la wapi na ni la bei gani

Bibi alipofariki, mabishano ya urithi yalianza juu ya kasha. Nyumba yake ya Bugembe, karibu na Jinja, Uganda, wala hakuna aliyeitaja.

Ni lile kasha jeusi lililokuwa miguuni mwa kitanda cha Bibi tangu nilipopata akili. Uso wake wa mbele umejaa misumari ya shaba iliyopangwa kama maua, chini lina droo tatu, na kifuniko chake ni kizito kiasi kwamba utotoni tulikatazwa kukigusa kisije kikatukata vidole. Ndani aliweka kanga zake, hati ya kiwanja na kitambaa cha kufungia udi. Ukilifungua leo, harufu ya udi bado inakupokea.

Baada ya arobaini sheikh alikuja kutueleza mgawo. Bibi ameacha mtoto mmoja wa kiume, ambaye ni Baba, na mabinti wawili, shangazi zangu. Mafungu ni manne: Baba mawili, kila shangazi moja. Kasha haligawanyiki, kwa hiyo atakayelichukua atakatwa thamani yake katika fungu lake, kwa bei ya siku ya kugawa. "Tafuteni bei ya haki," akasema. Kazi hiyo nikapewa mimi, mwalimu wa hesabu, mwenye simu inayopiga picha vizuri.

Bei zilikuja zenyewe kabla sijaanza kuzitafuta. Mnunuzi wa vitu vya zamani alipita nyumbani, akaligonga kwa kidole, akasema shilingi 300,000 za Uganda na gari lake liko nje. Mfanyabiashara wa Kampala alitumiwa picha, akasema 1,200,000. Binamu yangu aliyeko Leicester akatuma picha ya kasha linalofanana nalo katika duka la mtandaoni, limeandikwa pauni 3,000. Jioni ile ile familia nzima ilikuwa imezigeuza pauni hizo kuwa shilingi na inazungumza habari ya milioni 14. Shangazi mkubwa alinipigia simu akaniambia, "Mwanangu, usimruhusu mtu yeyote alitoe humo ndani." Niliona wazi kwamba sitaweza kusema lolote la bei kabla sijajua hasa tuna nini mkononi.

Habari ya nyumbani ilikuwa kwamba ni sanduku la Waarabu, limetoka Zanzibar, mama yake Bibi aliolewa nalo Mombasa. Sehemu yake ni kweli. Ila mengi ya makasha haya tunayoyaita ya Zanzibar yalitengenezwa India, Surat na Bombay na pwani ya Malabar, yakaletwa na majahazi kwa upepo wa kaskazi, yakauzwa Zanzibar, Lamu na Mombasa. Huko yakawa makasha ya bibi harusi. Na hadi leo mafundi wa pwani wanayatengeneza mapya kwa ajili ya watalii, mengine yamepakwa rangi yakaonekana yana miaka mia. Kwa hiyo jina la Zanzibar peke yake halithibitishi kitu.

Nilianza na misumari. Nilitoa sumaku katika spika ya redio iliyoharibika, nikaipitisha juu ya kila msumari wa mbele. Sumaku haishiki shaba. Ikishika, ujue ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Nilihesabu misumari 212, na 31 ikaishika sumaku, yote ikiwa upande wa chini kushoto. Nikachukua taa nikaiangalia kwa karibu. Ile ya shaba haikulingana: kichwa kimoja kipana kidogo, kingine kimebonyea, kila kimoja na alama yake ya nyundo. Ile 31 ilikuwa sawasawa kama vifungo vya shati moja. Hapo nikajua kwamba kona ile imewahi kutengenezwa.

Kisha nikatoa droo zote nikazipindua. Ukitaka kujua umri wa samani, uso wake uache, tazama pale ambapo fundi hakutegemea mtu aangalie. Mbao za chini ya droo zina mistari ya msumeno iliyonyooka, mingine mirefu mingine mifupi, ya msumeno wa mkono. Pembe zake zimeunganishwa kwa meno yaliyofumana, na meno hayo hayalingani upana. Lakini ubao wa nyuma wa kasha lenyewe una mistari iliyopinda kama sehemu ya duara. Hiyo ni alama ya msumeno wa mviringo wa mashine. Mikono miwili tofauti katika kitu kimoja.

Kuhusu mti sikutaka kubahatisha. Nilimwendea mzee mmoja fundi wa mitumbwi kule Masese, nikamchukua kwa boda hadi Bugembe. Alilala chali sakafuni na kisu chake, akakwangua kidogo chini ya mguu mmoja, mahali pasipoonekana, akanusa. Kisha akakwangua ndani ya droo, akanusa tena, akasugua vumbi lile kati ya vidole.

"Mwalimu, hapa una miti miwili," akasema. "Miguu na huu ubao wa nyuma ni mvule. Mvule naujua hata gizani, una mawe ndani yake yanayoua makali ya msumeno. Huu mwingine una mafuta. Gusa."

Nikagusa. Kweli ulikuwa unateleza kidogo, na harufu yake inakaribia ngozi ya kiatu kipya. Ni msaji, ambao wengi wanauita tiki, mti ambao asili yake ni India na Burma. Mvule ndio mti wetu wa Busoga. Kwa hiyo kasha lilichongwa ng'ambo ya bahari, likatiwa miguu na mgongo hapa hapa. Kabla hajaondoka mzee aliniomba kitu kimoja: tusilipige msasa wala vanishi. Nilishukuru sana kwa neno lile, maana Shangazi mdogo alikuwa tayari amekata ndimu na kuchota majivu ili aing'arishe shaba. Ule weusi wa miaka ndio mnunuzi makini anaoulipia. Ukiusugua umekwisha, haurudi.

Kitu kilichonipa furaha kuliko vyote kilikuwa karatasi. Chini ya droo ya katikati kulikuwa na kipande kilichobandikwa, nusu kimeliwa na wadudu. Nilikimulika kwa taa ya pembeni nikasoma herufi K.U.R. na chini yake JINJA. Reli ya Uganda ilibadilishwa jina kuwa reli ya Kenya na Uganda, ndiyo hiyo K.U.R., mwaka 1926, na mwaka 1948 ikaunganishwa na ya Tanganyika ikapata jina jingine. Basi kasha letu lilipanda treni kuja Jinja kati ya miaka hiyo. Karatasi hiyo inaeleza safari tu, haisemi lilichongwa lini. Ila kwa ule msaji, ile kazi ya mkono na hii karatasi, mwisho wa karne ya 19 au mwanzo wa karne ya 20 ni makadirio ninayoweza kuyatetea mbele ya mtu yeyote.

Nilikwenda pia Makumbusho ya Uganda, pale Kira Road. Makumbusho hayatoi bei, na nadhani ni sawa. Nilichopata ni ushauri wa kuandika kila kipimo na kupiga picha kila upande, na kukumbushwa kwamba kutoa kitu cha kale nje ya nchi kunahitaji kibali. Hilo la kibali lilibadilisha hesabu yangu.

Sasa bei. Nilimwomba binamu aache maduka, atafute matokeo ya minada. Bei iliyobandikwa dukani ni matumaini ya mwenye duka. Bei ya mnada ni fedha ambayo mtu ameilipa kweli, na nyumba kubwa za minada kama Bonhams na Christie's huonyesha matokeo yao. Makasha ya aina hii yaliyorekebishwa mengi yalikwenda kwa mia kadhaa za pauni. Elfu na zaidi zilikuwa za makasha mazima, yenye miguu yake na shaba yake yote. Tena bei hizo zina ada ya mnunuzi ndani yake, na muuzaji naye hukatwa yake. Nikatoa ada, nikatoa kusafirisha kitu kizito namna ile kutoka Jinja, nikatoa gharama ya kibali. Kilichobaki kilikuwa juu ya bei ya yule wa Kampala, na mbali kabisa na milioni 14.

Niliwawekea wote watatu mezani karatasi yenye mambo yote, mazuri na mabaya: miguu si yake, misumari 31 si yake, msaji ni wa kweli, kazi ni ya mkono. Nikapendekeza 2,000,000. Shangazi mkubwa aliisoma mara mbili, akauliza habari ya sumaku, akataka aione kwa macho yake. Nikaipitisha tena. Ilipodaka misumari ile ya kushoto, akaguna, akasema sawa. Shangazi mdogo akalichukua, likakatwa katika fungu lake mbele ya sheikh.

Siku ya kulipakia kwenye pikapu nilikuwa nakunja ile karatasi niiweke ndani pamoja na picha. Baba akanizuia. "Ongeza hapo," akasema. "Mchwa ndio waliokula miguu. Babu yako aliitengeneza mwenyewe kwa mvule, usiku, baada ya kutoka kazini. Mimi ndiye niliyeshika taa."

Nikaongeza.