Siku Moja Maishani Mwangu: Kuinua Daraja la DuSable, Chicago

Watu wengi wanaoliona daraja letu likiinuka hudhani kuna kitufe kimoja tu kinachobonyezwa, kisha mhudumu anarudi kukaa. Naieleza hapa Jumamosi moja ya mwezi wa Mei ili kazi hii ijulikane.

Saa kumi na mbili asubuhi nimeshafika, nimekagua breki, taa na kengele. Saa tatu mashua za matanga zilizohifadhiwa tangu majira ya baridi zinaanza safari ya kushuka Mto Chicago kuelekea Ziwa Michigan, na kwa kuwa milingoti yake ni mirefu, madaraja zaidi ya 20 hufunguliwa moja baada ya jingine. Kikosi kimoja kikiwa kinafungua, kingine kinakimbilia daraja la mbele kwa gari.

Zamu ya DuSable hufika mchana. Daraja hili limefanya kazi tangu 1920, lina barabara mbili, moja juu ya nyingine, na kila bawa, yaani kila nusu inayoinuka, lina uzito wa zaidi ya tani 3,000. Motor zake zisizo kubwa zinaliweza kwa sababu uzito mwingine, uliofichwa chini ya barabara, unalisawazisha. Kwa hiyo kuinua si kazi ngumu. Kazi ni kuhakikisha kwamba hakuna mtu aliyebaki juu yake.

Siku hiyo alibaki mmoja. Kengele zililia, vizuizi vikashuka, naye akavipita akiwa na simu mkononi, akasimama katikati kabisa kupiga video. Nilimwita, akajibu, "Dakika moja tu." Huku nyuma mabasi yalipiga honi, na chini mashua zilizunguka palepale zikipambana na upepo. Nilimfuata kwa miguu, nikamwonyesha ufa uliokuwa kati ya viatu vyake, mwembamba kiasi cha kupitisha vidole, maji ya kijani yakionekana chini. "Bwana, hapa ndipo mabawa yanapoachana." Alitazama, akanyamaza, akaondoka haraka. Hasira yangu haikuondoka upesi hivyo.

Baada ya hapo sikuangalia saa tena. Magoti yaliuma, mikono ilinuka grisi, na madaraja yakaendelea hadi mlingoti wa mwisho ulipoingia ziwani. Nilirudi DuSable, nikakagua kufuli za katikati zinazoyashikanisha mabawa, kisha nikaweka mguu juu ya ufa ule na kungoja basi lipite. Chuma kilitikisika kidogo, kikatulia.