Roboti, Udongo na Mirija ya Teflon

Mwaka 2022 Maine lilikuwa jimbo la kwanza nchini Marekani kupiga marufuku umwagaji wa tope la maji taka mashambani. Ilikuwa imebainika kwamba tope hilo, lililotumiwa kama mbolea kwa miongo kadhaa, liliacha kwenye udongo kemikali za PFAS, ambazo haziozi na ni vigumu mno kuziondoa. Mashamba ya kupimwa ni mengi, na ndiyo maana sisi tunaoshughulika na vipimo vya udongo tunavutiwa sana na mashine zinazoandaa sampuli zenyewe.

Utaratibu unaofuatwa na maabara nyingi huko ni ule wa namba 1633, ambao shirika la serikali la kulinda mazingira, EPA, lilikamilisha Januari 2024 kwa ajili ya kupima kemikali 40 za jamii hiyo. Gramu chache za udongo hutikiswa mara tatu katika methanoli iliyotiwa amonia kidogo. Kimiminika kinachopatikana husafishwa kwa unga wa kaboni kwa muda usiozidi dakika 5, kwani kikikaa zaidi kaboni huanza kumeza hata kile kinachotafutwa, kisha hupitishwa kwenye katriji inayonasa PFAS. Hapo kwenye katriji, ambapo kimiminika kinatakiwa kishuke tone kwa tone kwa kasi isiyobadilika, mashine inamshinda binadamu, wala sina ubishi. Mtu aliyechoka haandai sampuli ya jioni sawasawa na ya asubuhi.

Lakini roboti hupokea kile ilicholetewa tu. Kuchanganya udongo sawasawa na kuondoa mawe na vijiti bado ni kazi ya mkono na jicho, na ikifanywa ovyo, mashine ya bei yoyote itatoa jibu safi kuhusu kijiko kimoja kisichowakilisha shamba.

Kinachonishughulisha zaidi ni mashine yenyewe. Mirija, vali na viungio vya pampu za maabara kwa kawaida hutengenezwa kwa Teflon, plastiki ambayo ni ndugu wa karibu wa kemikali tunazozitafuta, na tunazitafuta katika viwango vilivyo chini ya nanogramu moja kwa gramu ya udongo. Kwenye chombo cha kupimia, mafundi hufunga safu fupi ya ziada, yaani kijimrija kilichojazwa chembe zinazochelewesha kemikali, kati ya pampu na mahali sampuli inapoingilia, ili PFAS iliyotoka kwenye pampu icheleweshwe na itokee kwenye grafu ya matokeo kama kilele cha pili, nyuma ya kile cha sampuli. Ni ujanja mzuri, ila haumwokoi anayetumia mashine ya kuandaa sampuli: uchafu ulioingia kwenye katriji hufika pamoja na sampuli, na hakuna kitakachoutenganisha. Sampuli tupu, iliyopitishwa njia ileile bila udongo wa shambani, inaweza kuufichua, lakini haiwezi kuuondoa.

Kwa hiyo muuzaji wa mashine hizi akija, kabla hajataja kasi yake namwomba orodha ya kila kipande kinachoguswa na kiyeyushi na malighafi iliyokitengeneza. Akinipa brosha yenye picha ya roboti peke yake, mazungumzo yetu huishia hapo.