Siku moja ya fundi wa maji ya bafuni

Saa 12 asubuhi huwa nimeshakagua mkoba wangu: spana, bisibisi, katriji za akiba (kiini cha ndani cha koki ya kuchanganyia maji ya moto na baridi), na kipimajoto ambacho nakithamini kuliko vyote, kwa kuwa mkono hudanganya, ilhali maji ya nyuzi 60 za Selsiasi huweza kumuunguza mtu mzima vibaya kwa takriban sekunde 5.

Kufikia saa 4 nilikuwa nimemaliza nyumba mbili: katriji moja chakavu niliibadilisha, na bomba la mvua lililozibwa na chokaa nilililoweka kwenye siki.

Nyumba ya tatu ndiyo iliyoimeza siku. "Fundi, hita hii ni mbovu, ing'oe tu," mama mwenye nyumba aliniambia kabla sijatua mkoba. Nilipima: maji yalitoka kwenye hita yakiwa na nyuzi 58, lakini bafuni yalifika na nyuzi 34, hata koki ilipoelekezwa upande wa moto kabisa. Nilipomweleza kuwa hita ni nzima hakuniamini, wala simlaumu, maana wengi wamezoea mafundi wanaobadilisha kifaa kabla ya kukipima.

Nilifunga valvu inayoingiza maji baridi kwenye hita, kisha nikafungua koki ya moto ya jikoni. Maji yalipaswa kukatika baada ya muda mfupi, lakini yaliendelea kumwagika, tena ya baridi, ishara kwamba mahali fulani maji baridi yalikuwa yakivuka na kuingia kwenye bomba la moto. Nikaanza kuifuata koki moja baada ya nyingine, nimejikunja chini ya masinki, shingo ikiuma, huku mama akiniuliza tena na tena kwa nini siing'oi hita. Saa sikuitazama tena.

Uani, penye sinki la kufulia, nilikuta koki zote mbili, ya moto na ya baridi, zimeachwa wazi, na mpira wa maji uliounganishwa nazo umefungwa kwenye ncha yake tu. Kwa kuwa hakukuwa na pa kutokea, maji baridi, yenye presha kubwa zaidi, yalikuwa yakisukumwa hadi kwenye bomba la moto. Nilizifunga koki hizo, na kule jikoni maji yakakatika.

Nilipofungua tena valvu ya hita, bafuni kipimajoto kilipanda hadi nyuzi 56. "Kumbe ni koki tu?" mama aliuliza, akiutazama mvuke.

"Ni koki tu, mama."

Niliweka valvu mbili za kuzuia maji yasirudi nyuma pale kwenye sinki la kufulia, nikirekebisha ya pili kwa mwanga wa tochi, kisha nikampigia mteja wa nne kumwomba radhi na kumwahidi kesho asubuhi.